Supachaja na tabo kwenye injini moja: mwongozo kamili wa kuziunganisha

Tabo na supachaja zote ni mashine za kuisukumia injini hewa zaidi: tabo huishi kwa moshi, supachaja huishi kwa mkanda. Tabo hungoja injini itoe moshi wa kutosha ndipo ichanganye kasi, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ukiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, unasubiri. Supachaja imefungwa kwa mkanda kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni; ukikanyaga, hewa ipo papo hapo. Lakini injini inalipa kodi ya kuizungusha, na kodi hiyo hupanda pamoja na mizunguko. Kuziweka zote mbili ni kuzigawia zamu: supachaja ishike chini, tabo ishike juu, na katikati zipokezane bila dereva kuhisi mshtuko. Ugumu wote wa kazi hii uko kwenye kupokezana huko.

Gari lililolipa wazo hili jina ni Lancia Delta S4 ya mwaka 1985. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,759, na namba hiyo haikuja kwa bahati. Kanuni za mashindano ya rali ya Kundi B zilizidisha ujazo wa injini yenye busti (hewa iliyosukumwa kwa shinikizo zaidi ya la kawaida) kwa 1.4, na 1,759 ikizidishwa hivyo inatoa 2,463, chini kidogo ya kikomo cha 2,500 ambacho kiliruhusu gari jepesi zaidi. Injini ndogo kiasi hicho ikifungwa tabo kubwa peke yake ingekuwa imelala kila inapotoka kwenye kona. Abarth, kitengo cha mashindano cha kundi la Fiat, wakaongeza supachaja ya Volumex, wakapata nguvu za farasi karibu 480, na dereva Henri Toivonen akashinda nayo RAC Rally ya Uingereza mara ya kwanza gari lilipoingia mashindanoni.

Kwenye magari ya kawaida, Nissan waliitia mbinu hii kwenye March Super Turbo yenye injini ya sentimita za ujazo 930 tu. Volkswagen wakaileta kwa watu wengi mwaka 2005 kupitia Golf GT ya 1.4 TSI: nguvu za farasi 170, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 240 kuanzia mizunguko 1,750. Volvo nao waliiweka kwenye injini zao za lita 2.0 za T6. Lakini 1.4 TSI ya kizazi kilichofuata, iliyoanza 2012, ilibaki na tabo moja. Tabo zilikuwa zimeboreka kiasi kwamba supachaja, klachi yake na mkanda wake havikulipa tena gharama.

Kwanza, jiulize kama unaihitaji

Kama una injini ya lita 2.0 na unataka farasi 250 hadi 300, nunua tabo moja ya kisasa yenye beringi za gololi, ya ukubwa unaofaa, uende zako. Utatumia fedha kidogo na utalala usingizi. Kuunganisha mbili kunaleta maana pale injini ni ndogo, lengo la nguvu ni kubwa, na bado unataka gari liitike chini: mbio za kupanda milima, rali, mashindano ya viwanja vyenye kona za karibu karibu.

Wenye Subaru Legacy za tabo mbili, gari linalojulikana vizuri Nairobi, wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Tabo ya kwanza inapoikabidhi kazi ya pili, kuna shimo la nguvu katikati ya mizunguko. Subaru waliuza gari zima na shimo hilo likabaki. Wewe unayejenga kwenye gereji lazima ulitarajie.

Hesabu kwanza, spana baadaye

Hili ndilo eneo linaloua injini nyingi. Hewa ikipita kwenye supachaja kisha kwenye tabo, au kinyume chake, shinikizo la kila moja halijumlishwi na la mwenzake. Uwiano wa shinikizo unazidishwa.

Chukua supachaja inayotoa busti ya bar 0.5 na tabo inayotoa bar 1.0. Mtu wa haraka atasema jumla ni 1.5. Sivyo. Supachaja inazidisha shinikizo la hewa mara 1.5, tabo inazidisha mara 2. Kwa pamoja ni mara 3, yaani shinikizo halisi la bar 3 pwani, na geji ya busti, isiyohesabu bar 1 ya hewa ya kawaida, itasoma 2.0. Nusu bar hiyo ambayo hukuitarajia inatosha kupinda fimbo za pistoni kwenye injini ambayo haikujengwa kwa ajili yake.

Sasa ongeza mwinuko wa ardhi. Dar es Salaam na Mombasa hewa ina shinikizo la karibu bar 1.01. Nairobi, mita kama 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari, ni karibu bar 0.82. Uwiano ule ule wa 3 unakupa bar 2.46 Nairobi na bar 3.03 Mombasa, tofauti ya zaidi ya asilimia 20. Gari lililotyuniwa Nairobi likashuka pwani, na udhibiti wake haufuati shinikizo halisi, linajazwa hewa ambayo ramani yake ya mafuta, yaani jedwali la kompyuta la kiasi cha mafuta, haikuandaliwa kwa ajili yake. Anayepanda kutoka pwani ana shida ya kinyume: tabo inaweza kufidia kwa kuzunguka kasi zaidi, ikikaribia mpaka wake, lakini supachaja haiwezi, kwa sababu kasi yake imeamuliwa na puli.

Halafu kuna joto. Hewa ya nyuzi 30 ikigandamizwa mara 2 na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 inatoka na nyuzi karibu 125. Ipeleke moja kwa moja kwenye supachaja ya Roots (aina ya rota mbili zinazosukuma hewa) inayoizidisha mara 1.5 kwa ufanisi wa asilimia 55, inatoka na nyuzi zaidi ya 210. Weka intakula (kipoza hewa) katikati inayoishusha hadi nyuzi 50, na itatoka kwenye supachaja na nyuzi kama 120, ambayo intakula ya pili inaweza kuimudu. Delta S4 ilibeba intakula mbili, na baada ya hesabu hii huulizi kwa nini.

Kukadiria puli ya supachaja, zidisha lita inazosukuma kwa mzunguko mmoja na uwiano wa puli, toa kama asilimia 15 ya hewa inayovuja ndani, kisha gawa kwa nusu ya ujazo wa injini. Mfano: supachaja ya SC14 ya Toyota husukuma karibu lita 1.42 kwa mzunguko. Kwa uwiano wa 1.2 ni lita 1.70, ukitoa uvujaji inabaki kama 1.45. Injini ya lita 2.0 humeza lita 1 kwa kila mzunguko wa kranki, kwa hiyo uwiano wa shinikizo ni karibu 1.45, yaani busti ya bar 0.45 hivi ukiwa pwani. Ni makadirio, lakini yanakuepusha kununua puli mara tatu.

Na mafuta: kwa petroli, injini ya silinda nne yenye lengo la farasi 300 inahitaji nozeli za karibu sentimita za ujazo 590 kwa dakika kila moja, zikifanya kazi kwa asilimia 80 ya uwezo wake. Pampu ya mafuta ya kiwandani haiwezi kuzilisha. Nunua pampu na nozeli pamoja.

Chagua mpangilio wa hewa

Supachaja mbele, tabo nyuma yake: hewa inatoka kwenye filta, inaingia supachaja, inaingia tabo, inapita intakula, inaingia injini. Ndivyo Volkswagen walivyofanya. Mabomba ni machache, na supachaja inameza hewa baridi yenye shinikizo la kawaida. Kama ni mara yako ya kwanza, fuata huu.

Tabo mbele, supachaja karibu na injini: mwitikio ni mkali zaidi kwa sababu bomba kati ya supachaja na silinda ni fupi, lakini supachaja inapokea hewa moto iliyokwisha kugandamizwa na sili zake zinateseka. Bila intakula ya katikati usiujaribu. Kumbuka pia kwamba westigeti (valvu ya kupunguza moshi unaoizungusha tabo) lazima ichukue ishara ya shinikizo kutoka manifoldi ya hewa, baada ya mashine zote mbili. Ukiichukua kwenye mdomo wa tabo, haitajua kwamba supachaja inaongeza juu yake.

Sambamba, kila moja na bomba lake yakikutana mbele ya injini: unahitaji valvu za njia moja kwenye kila tawi, la sivyo hewa ya yenye nguvu itarudi nyuma kupitia kwa dhaifu. Kwa gereji nyingi, huu ni mpangilio wa kuuacha.

Kuhusu aina ya supachaja, chukua Roots au zile za Eaton zenye rota zilizosokotwa. Zikifunguliwa njia ya kukwepa (bomba la kuizunguka supachaja), husukuma hewa bila kuigandamiza na mzigo wake unakuwa mdogo. Supachaja ya skrubu mbili hugandamiza ndani ya tumbo lake hata ukiikwepesha. Ile ya aina ya sentrifugo, inayofanana na upande wa hewa wa tabo, haifai kabisa kwa kazi hii, maana busti yake huja juu tu, na juu tayari kuna tabo.

SC12 na SC14 za Toyota, zilizotoka kwenye injini za 4A-GZE na 1G-GZE, na pia kwenye Estima za zamani zenye supachaja, zina sifa ya thamani: klachi ya sumaku kwenye puli, inayoikata supachaja isipohitajika. Ukizipata zikiwa nzima, umeokoa nusu ya kazi ya ubunifu.

Pima injini kabla ya kuifungua

Pima mgandamizo wa kila silinda, na uvujaji wake pia. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo ujue sababu. Kwa injini yenye nozeli za manifoldi inayotumia petroli ya kawaida ya kituoni, uwiano wa mgandamizo wa kati ya 8.5 na 9 kwa 1 ndio salama kwa busti unayokusudia. Pistoni zilizofuliwa na fimbo imara si anasa ukivuka bar 1.

Kufunga supachaja

Braketi ndiyo kila kitu hapa. Iwe bamba nene, la chuma au alumini ya milimita 10 au zaidi, na iishike bloku peke yake. Braketi iliyofungwa bloku na hedi kwa pamoja hujikunja kila injini inapopata moto, na mkanda huanza kutoka kwenye puli. Panga puli zote kwenye mstari mmoja kwa rula ndefu ya chuma. Kupishana kwa milimita moja au mbili kunatosha kula mkanda ndani ya wiki. Mkanda uikumbatie puli ya supachaja angalau nusu ya mzingo wake, na kikaza chenye springi kikae upande uliolegea. Mkanda ukiteleza utasikia mlio, kisha harufu ya mpira, kisha busti inapotea.

Kufunga tabo

Bomba la kurudisha oili lishuke moja kwa moja, bila mkunjo wa kwenda juu, na liingie sampu (chombo cha oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukikosea hapa tabo itatoa moshi wa bluu, na fundi wa pembeni atakuambia sili zimekufa wakati ni oili iliyokosa njia ya kushuka. Usipake silikoni ya gasketi kwenye maungio ya oili. Vipande vyake hukatika na kuziba njia. Bomba la kupeleka oili lipitishwe mbali na manifoldi ya moshi au livishwe kinga ya joto.

Valvu ya kukwepa, moyo wa kazi nzima

Tabo ikishachanganya, supachaja inageuka kizuizi, kwa sababu inaruhusu kiasi kile tu cha hewa ambacho puli imeiamulia. Tabo inataka zaidi. Bila njia ya kuizunguka, injini itakabwa koo kwenye mizunguko ya juu.

Weka bomba linalounganisha mlango wa kuingilia wa supachaja na mlango wake wa kutokea, na ndani yake valvu yenye uwazi usiopungua uwazi wa throtoli (mlango wa hewa) ya injini. Njia rahisi niipendayo ni kutumia throtoli ya umeme ya gari lolote la kisasa kama valvu hiyo, ikiongozwa na kompyuta ya kutyuni yenye uwezo wa throtoli mbili. Valvu inayofunguka nusu nusu inakuwezesha kulainisha makabidhiano. Ile ya wazi au fungwa tu itakupa teke mgongoni.

Utaratibu uwe hivi. Gari likitembea polepole bila mzigo, valvu iko wazi na klachi imeachia. Dereva akikanyaga chini ya mizunguko 2,400 hivi, klachi inashika, valvu inafunga, supachaja inajaza. Tabo ikianza kutoa shinikizo, valvu inafunguka kidogo kidogo ili jumla ibaki kwenye lengo. Tabo ikiweza peke yake, valvu inafunguka yote, ndipo klachi inaachia. Usibadilishe mpangilio huo: klachi ikiachia valvu ikiwa bado imefungwa, injini inavuta hewa kupitia kwenye mashine iliyosimama.

Kwa rejea, Volkswagen waliiweka supachaja kazini moja kwa moja hadi mizunguko 2,400 pale torki kubwa inapohitajika, na kwa kuitwa tu hadi 3,500. Juu ya hapo haiguswi. Nawe jiwekee kikomo kama hicho, maana klachi ya sumaku inayoshika kwenye mizunguko ya juu haidumu.

Vihisi na kompyuta

Kompyuta ya kiwandani itapotea kwenye mfumo huu. Weka ya kutyuni, kihisi cha shinikizo halisi cha bar 3 au 4, vihisi viwili vya joto la hewa (baada ya mashine ya kwanza na kwenye manifoldi), kihisi cha oksijeni cha wigo mpana, kihisi cha kugonga, na kihisi cha joto la moshi. Weka pia ukomo wa busti unaokata mafuta. Huo ndio utakaookoa injini siku mpira wa westigeti utakapochomoka.

Kuwasha na kutyuni

Kabla ya kuwasha, ziba mdomo wa hewa, jaza mfumo hewa ya kompresa kwa bar 1, upake maji ya sabuni kila kiungo. Kisha zima mafuta na plagi, zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo uwashe. Iache ipate moto, kagua mkanda, oili na maji, izime, ikaze tena klipu zote.

Tyuni kwa tabaka. Anza na supachaja peke yake, westigeti ikiwa imefunguliwa kabisa ili tabo isichangie. Ikitulia, geuza: valvu ya kukwepa wazi, supachaja imelala, tabo kwenye springi ya westigeti tu. Ramani zote mbili zikikamilika ndipo uziunganishe, ukianza na lengo la chini. Injini ikiwa kwenye busti, petroli iwe kwenye uwiano wa hewa na mafuta wa 11.5 hadi 12 kwa 1, na joto la moshi lisipite nyuzi 900. Mlio kama wa kokoto ndani ya debe ni injini kugonga, yaani mchanganyiko wa mafuta kujilipua wenyewe ndani ya silinda: toa mguu mara moja, rudisha muda wa plagi nyuma, usijidanganye kwamba utapotea wenyewe.

Fanya kazi hii kwenye mashine ya daino, inayopima nguvu gari likiwa limesimama. Barabarani huwezi kushika mizunguko 2,800 kwa mzigo kamili huku ukisoma kompyuta, na eneo hilo la makabidhiano ndilo litakalokula muda wako mwingi.

Vipi kuhusu supachaja mbili au zaidi?

Mantiki ni ile ile. Mbili sambamba zinajumlisha wingi wa hewa bila kuzidisha shinikizo. Alfa Romeo P3 ya 1932 ilikuwa na mbili za namna hiyo. Mbili kwa mfuatano zinazidisha shinikizo, kama kwenye Alfa Romeo 158 na 159 zilizotwaa ubingwa wa dunia wa Formula One 1950 na 1951. Injini ya lita 1.5 ilifika farasi karibu 425, lakini kwa njaa ya kutisha: zaidi ya lita 100 za mafuta kwa kilomita 100. Silverstone mwaka 1951, José Froilán González aliwashinda kwa Ferrari ya lita 4.5 isiyo na supachaja, na kiu ya Alfa ilichangia. Leo tabo kadhaa kwenye injini moja utazikuta kwenye matrekta ya mashindano ya kuvuta mizigo, Marekani na Uholanzi, ambako kazi huisha ndani ya sekunde chache na hakuna anayeuliza bei ya mafuta. Supachaja mbili kwenye gari la barabarani sioni sababu yake.

Anayetaka mwitikio wa supachaja bila mkanda aangalie kompresa za umeme. Audi SQ7 ya dizeli ya 2016 ilitumia moja ya volti 48, inayofika kasi yake kamili ndani ya robo ya sekunde.

Matunzo, na ukinunua iliyokwisha kufungwa

Supachaja nyingi zina oili yake ya gia, tofauti na ya injini. Ikague kila unapomwaga oili ya injini. Mkanda ubadilishwe kabla haujapasuka, na beringi za puli zisikilizwe kwa bisibisi ndefu sikioni. Baada ya mwendo mkali, acha injini ipumue dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Kama unanunua Golf, Touran au Tiguan ya 1.4 TSI yenye supachaja na tabo, ambazo bado zinazunguka sokoni Kenya na Tanzania, sikiliza mnyororo wa taimingi injini ikiwa baridi, uliza inakula oili kiasi gani, na upime mgandamizo wa silinda zote nne, kwa sababu pistoni za baadhi ya matoleo zimejulikana kupasuka kwenye kingo za ringi. Klachi ya supachaja kwenye injini hizo imo ndani ya pampu ya maji, kwa hiyo alama ya maji karibu na pampu, au mlio wa kukwaruza unapokanyaga kidogo kwenye mizunguko ya chini, ni bili ya vitu viwili kwa pamoja. Ijumuishe kwenye bei kabla hujatoa malipo ya awali.